Nyasi za Ndani ya Uzio

Kwa miaka kumi na tisa mpimaji alihesabu mimea katika kiwanja kilichozungushiwa uzio, pembeni mwa jangwa. Humo mifugo haikukanyaga, na nyasi zilirudi polepole hadi zikamfika magotini. Nje, mbuzi walikuwa wamemaliza kila jani tamu, vikabaki vichaka vya miiba na udongo mtupu. Kila mwaka aliandika ripoti kwamba malisho yapumzishwe kwa zamu, na kila mwaka ofisi iliyomwajiri ilimshukuru na kuifungia kabatini.

Mwaka mvua zilipogoma, alifika asubuhi akakuta waya umekatwa. Mbuzi wa mdogo wake walikuwa ndani, wanang'oa hadi mizizi, na mdogo wake mwenyewe amesimama kando yao.

"Hata wewe?" akamuuliza.

"Kaka, wanangu wanakunywa maziwa, hawanywi ripoti. Miaka yote unatuonyesha majani nyuma ya waya. Ulitaka tufanyeje?"

Mpimaji akaingia ndani ya uzio. Akapiga magoti, akahesabu mashina yaliyosalia, akaandika kumi na moja.

Shibe hiyo iliwadumu mbuzi siku nne, kisha wakaanza kufa kwa njaa mmoja mmoja. Ndugu hao wanaishi ua mmoja hadi leo, na hakuna anayemsalimu mwenzake.