Hamsini na Nane

Nilifundisha hesabu kwa miaka mingi, mpaka goti la kulia likakataa kusimama ubaoni. Ndipo nikahamia ofisi ya udahili ya chuo kimoja cha uuguzi hapa Tabora. Kazi yangu ni kupokea vyeti na kumwambia mwenye navyo kama anaweza kuomba nafasi. Watu hudhani ni kazi ya kugonga mihuri. Kumbe sehemu kubwa ni kusoma huku mtu amekukodolea macho, anasubiri umalize.

Siku hiyo aliingia binti wa miaka ishirini na miwili hivi, kitenge kimemkaa sawasawa, bahasha ya kaki ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. "Jambo, mama," akasema. Jambo! Mimi nina wajukuu. Nilingoja shikamoo, haikuja, nikamwonyesha kiti kwa kidole. Nayaandika haya ili ieleweke kwamba nilishaanza kumkasirikia kabla sijaigusa bahasha yake.

Alitoka Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Familia yake ilivuka miaka michache nyuma, wakapanda treni Kigoma, wakashuka Usoke, ambako baba yake analima tumbaku katika mashamba ya watu. Yeye alikuwa anakaa kwa shangazi yake Itetemia, ili awe karibu na vyuo. Alitaka uuguzi. Hakusema "ikiwezekana" wala "nikijaliwa". Alisema amesoma kemia na baiolojia sekondari yote, na sasa anataka kuvaa sare.

Cheti chake kilikuwa cha Kifaransa. Cheti cha kigeni hatukipokei hivihivi. Kinafasiriwa, kisha kinapelekwa Dar es Salaam kwa watu wanaolinganisha masomo ya nje na ya kwetu, nao wanatoa barua ya kusema kina uzito gani. Mimi nilipaswa kumwelekeza na kumwandikia barua ya kusindikiza maombi hayo, basi. Lakini Kifaransa sikijui, tarakimu nazijua, na jicho langu likakimbilia tarakimu.

"Hii hamsini na nane ni ya nini?"

"Asilimia yangu, mama. Nilipataka makumi tano na munane." Akatabasamu. Alikuwa anajivuna nayo!

Nilimtazama juu ya miwani. Nafasi zetu ni chache na waombaji ni wengi kama siafu. Kwa hesabu yangu, mwenye wastani wa hamsini na nane ni mtu wa katikati ya darasa, yule ambaye mwalimu husahau hata alikuwa anakaa dawati gani.

"Mwanangu," nikamwambia, "utahangaika bure na hizo barua. Kasome upya sekondari ya hapa kwetu, ufanye mtihani wa kidato cha nne, upate alama zinazoeleweka."

"Kwa hiyo sikufaulu?"

"Umefaulu, lakini kwa kuchechemea."

Na aliyesema hivyo ni mimi, mwenye goti bovu. Akakikunja cheti, akakirudisha kwenye bahasha, bahasha kwenye nailoni. Akasema "Aksanti, mama," akaondoka. Sikumzuia kwa sheria yoyote. Nilimzuia kwa mdomo tu, na chai yangu nikaendelea kunywa.

Baada ya wiki mbili akaja baba yake. Nilimjua kwa ile bahasha. Alivaa koti la suti lililofifia, kola imepigwa pasi, na vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa tumbaku ambao sabuni haiuwezi.

"Sikuja kugombana, mwalimu," akasema. "Na mimi nilikuwaka mwalimu, wa kemia. Nimekuja kuuliza neno moja. Ulipokuwa unafundisha, wa kwanza wako alikuwa anapata ngapi?"

"Inategemea mtihani," nikajibu, kwa sauti ya kufukuza.

"Kwetu, anayefika makumi sita mtaa mzima unamfanyia sherehe. Walimu wetu hawatoi alama. Huyu mtoto alikuwa wa pili shule nzima." Akavitazama vidole vyake. "Sasa jioni anakaa dawati moja na watoto, anaanza upya mambo ya kidato cha kwanza. Halalamiki. Lakini uuguzi hautaji tena."

Nikamwambia nitaliangalia. Alinishukuru kwa mikono miwili, kana kwamba nimeshaliangalia.

Alasiri hiyo, nyumbani kwangu Chemchem, nilivuta sanduku la bati kutoka uvunguni. Nina madaftari yangu ya alama humo, sijatupa hata moja. Nilifungua la darasa langu bora kuliko yote, mtihani niliotunga mwenyewe. Wa kwanza: sitini na moja. Huyo leo ni daktari, na mimi humtaja kila nikaapo na watu. Wa pili: hamsini na saba.

Nililisoma tena, nikidhani ni macho. Hamsini na saba. Wanafunzi wangu walikuwa wananiita Mkono wa Birika kwa ubahili wa alama, nami nilijua, na moyoni nilifurahi. Niliamini alama ngumu ndiyo alama ya kweli. Kumbe ukweli wenyewe nilikuwa naujua siku zote, ila sikudhani kwamba huko Kongo nako kunaweza kuwa na mabahili kama mimi. Nilikaa pale sakafuni na goti langu, nikaona aibu, aibu ya kuwasha masikio.

Asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Itetemia. Nilimkuta uani kwa shangazi yake, anamenya karanga. Akasimama haraka, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu." Wale watoto wa jioni walikuwa wameshamfundisha. Nilikuwa nimeitaka sana shikamoo ile, na sasa nimeipata sikujua niipeleke wapi.

"Marahaba. Mwanangu, nisamehe. Nilikosea. Hamsini na nane yako ni nzuri. Hata kwangu ungekuwa wa pili."

Hakulia wala hakunilaumu. Aliuliza kitu kimoja. "Maombi bado yanapokelewa?"

"Zimebaki siku nane."

Aliziacha karanga pale pale. Njiani kwenda kwa mfasiri nilimwambia jambo ambalo kwa baba yake nililimeza: kwamba bibi yake babu yangu alitoka huko huko kwao, Umanyema, akaja Tabora kwa miguu na msafara, mzigo kichwani. "Yeye walimuuliza cheti?" akauliza. Nikamwambia hapana, huyo walimuuliza nguvu tu. Tukatembea mpaka kwenye lami.

Barua ya kusindikiza niliiandika ndefu kuliko desturi, na ndani yake nikaeleza kwamba kuchelewa ni kosa langu mimi. Majibu yalikuja siku ya kumi na moja. Walikuwa wamempima vizuri, juu ya wengi niliokuwa nimewapokea kwa tabasamu. Lakini maombi yalikuwa yamefungwa siku tatu nyuma. Nilikwenda kwa mkuu wa chuo, nikaomba, nikabishana. Alinisikiliza, akacheka kidogo. "Wewe? Tangu lini unaomba mtu aongezewe?" Binti aliingia mwaka uliofuata, kwa barua ile ile.

Juzi aliingia ofisini na matokeo yake ya muhula wa kwanza, sare nyeupe mwilini. Sabini na tisa. "Shikamoo, mwalimu. Huku munagawa alama bure!" Nilicheka mpaka miwani ikaanguka, naye akaniokotea.

Kisha akatoka kwenda darasani. Dirishani nikawaona wanafunzi wa mwaka wa pili, walioingia mwaka ule aliokosa yeye, wakipanda gari la chuo, wanakwenda hospitali kwa zamu zao za wodini. Aliwapisha wote wapite, akabaki amesimama mpaka gari likaondoka.