Ukurasa wa Katikati

Walipitiliza kituo, wakarudi kwa miguu wakiuliza njia mpaka wakaliona geti la shule. Mama mtu, fundi wa cherehani, alikuwa hajawahi kufika upande ule wa mji. Alimshika mkono binti yake wa miaka saba, aliyebandikwa jina la Chiriku kwa kutonyamaza. Nyuma alifuata dada mkubwa wa Fundi, mwalimu wa chekechea, aliyemfundisha mtoto kusoma mwaka mzima. Leo Chiriku akisoma vizuri, nafasi ya darasa la kwanza ni yake.

"Mbona jasho linakutoka, Dada?" Fundi alimtania. "Anayepimwa ni mtoto."

"Jua kali, mdogo wangu."

Ofisini Chiriku alifungua kitabu chake cha hadithi akatiririka nacho, neno halikwami. Fundi kichwa kikamvimba. Mwalimu mkuu akafunua ukurasa wa katikati, akaweka kidole.

"Anzia hapa, mama."

"Palikuwa na mbuzi mkaidi," Chiriku akaanza, kama mwanzo.

"Hapa, chini ya kidole."

"Palikuwa na mbuzi..." Sauti ikafifia. Akageuka. "Mama mkubwa, nisemeje?"

Mwalimu mkuu aliandika herufi moja kubwa. Mtoto hakuijua.

"Kukariri si kosa, wengi huanzia hapo," akasema. "Ila herufi zinamsumbua, na si jambo la jana. Hakuna aliyeona?"

Fundi alikuwa ameona. Miezi mingi nyuma alimwambia dada yake kwamba mtoto anageuza herufi kila siku. Dada alicheka: "Wewe kata vitambaa, mtoto niachie mimi." Fundi akaona haya, akanyamaza.

Sasa alimtazama dada yake. "Ulijua?"

"Ulikuwa na furaha sana. Kila mteja akiingia, 'Chiriku, msomee!' Ningekwambiaje?"

"Kwa mdomo, Dada. Huo huo uliomkaririshia."

Mwalimu mkuu alikohoa. Darasa la kwanza lingesubiri mwaka mmoja, alisema, lakini kulikuwa na mwalimu wa watoto wa namna hii, kila Jumatatu asubuhi. Alimgeukia dada, kama mwalimu kwa mwalimu: "Utamleta wewe?"

"Nitamleta mimi," Fundi alidakia. "Na mnionyeshe namna ya kukaa naye nyumbani. Nimeshona sare za watoto wa watu, wangu nimemsomesha kwa kusikia."

Alisimama. Dada naye akaanza kuinuka.

"Kaa tu, usijisumbue."

Nje, Chiriku aliangalia nyuma. "Mama mkubwa haji?"

"Haji," Fundi alisema, akaongeza mwendo.