Asumani, Aliyeua Miche ya Mzungu

Bado akili yangu inakataa. Jana alasiri tumemzika Asumani hapa Kasongo, na mimi Petronila, rafiki yake tangu shule ya msingi, naandika haya kwa kidole kimoja.

Ninyi mnaopiga picha za harusi kwenye bustani ya msitu pale mjini, bila yeye mngekuwa mnasimama chini ya mikaratusi. Nasema leo kwa sababu alinifunga mdomo mpaka afe.

Wakati wa Wabelgiji, mzungu wa kilimo alitaka kufyeka msitu wote apande mikaratusi yake. Baba yake Asumani alikataa kukata mvule uliokuwa juu ya kaburi la mama yake mzazi, bibi yake Asumani. Akalazwa chini, akachapwa fimbo mbele yetu sisi watoto wa shule.

Asumani hakulia. Aliniambia tu, "Petro, huyu atanilipa."

Nusu ya msitu ilikuwa imeshaanguka. Wanafunzi tukapewa kazi ya kumwagilia miche, na Asumani, kwa ule upole wake wa kujifanya, akawekwa kapita, msimamizi wetu.

Kila asubuhi aliuvuta mche mmoja mmoja, taratibu, mpaka mizizi inakatika. Kisha anaurudisha, anashindilia udongo vizuri, anaumwagilia. Mimi nililinda njia.

Yote ikakauka. Wakaleta mingine, nayo ikakauka. Mzungu akauokota udongo, akaunusa. Asumani akamwambia, "Bwana, udongo ya huku iko mubaya."

Mzungu akamsifu kwa bidii, akampa shati la kaki! Mwisho akachoka mwenyewe, akahamishiwa Kabambare. Msitu uliobaki ukabaki, na kule kulikofyekwa mivule ikarudi polepole.

Lile shati Asumani hakulivaa hata siku moja. Alifutia jembe, miaka yote. Jana wachimba kaburi nao wamefutia majembe yao, na nimefurahi. Padri ananiambia nimsamehe yule mzungu. Namjibu, bado.

Sasa Asumani, sikia. Kuna watu wameanza kupima viwanja ndani ya msitu wetu. Wameshapanda vigingi.

Leo asubuhi nimepita huko na mkongojo wangu. Nimevivuta kimoja kimoja, nikavirudisha, nikashindilia udongo vizuri. Mvua ya kwanza itavilaza.

Wewe lala salama, kapita wangu. Zamu ni yangu.