Afisa kazi alinikuta Likombe na daftari la kilo, mfanyakazi wangu akadanganya ili kuniokoa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi, na nikikumbuka bado masikio yanapata moto.

Mimi ni mwalimu niliyeacha chaki. Nilipangiwa Mtwara nikitokea Iringa, nikaoa hukuhuku, nikafungua banda la kubangua korosho Likombe. Nina kina mama tisa. Mzigo nauza dukani kwangu Chikongola.

Malipo yangu yalikuwa kwa kilo. Mama akibangua korosho nzima, nyeupe, napima, naandika kwenye daftari, jioni anachukua chake. Vipande anabeba nyumbani. Niliwakuta wenzangu wanafanya hivyo, nami nikafuata.

Kima cha chini cha mshahara kilipobadilishwa, redio zilikuwa hazina habari nyingine. Nikasikiliza kidogo, nikapunguza sauti. Nikasema hayo ni ya makampuni, mimi na kina mama wangu ni familia.

Tena nilijiona bosi mwema kuliko wote mji huu. Binti wa mfanyakazi akichezwa unyago, siku ya kutolewa mwali gunia la mchele natoa mimi, na doti ya kanga juu. Ukitokea msiba, gari langu lipo. Nilikuwa natembea kifua mbele, msicheke.

Sasa kuna Bi Somoe. Mjane, yuko nami tangu siku ya kwanza. Miaka yote hiyo hajawahi kukosa kazini. Hata akiwa na homa anakuja, anapaka vidole majivu ili mafuta ya maganda yasimuunguze, anaanza kubangua. Wageni wakija nilikuwa namsifia mbele yao, "Huyu anaipenda kazi."

Hilo la kuipenda kazi lishikeni, nitalirudia.

Asubuhi moja akaingia dada mmoja na faili kwapani. Afisa kazi. Akasalimia vizuri tu, akauliza mikataba iko wapi.

Nikacheka. Nikamwambia hapa tunaishi kwa kuaminiana.

Yeye hakucheka. Akachukua daftari la kilo, akajumlisha ya mwezi kwenye simu yake, akanigeuzia nione. Wakuu, nilidhani kakosea. Nikamwomba arudie. Akarudia. Hata Bi Somoe, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, hafikii kiwango cha sekta yetu!

Ubishi ukanipanda, si mnatujua walimu. Nikamwaga hoja zangu zote: mchele, kanga, gari la msiba.

"Mwalimu, hiyo ni sadaka yako, Mungu atakulipa," akaniambia. "Mshahara ni kitu kingine. Ukitaka kulipa kwa kilo lipa, ila mtu aliyemaliza saa zake za kazi asipate chini ya kima cha sekta yake. Na usiniambie walikubali wenyewe. Makubaliano ya kulipwa chini ya sheria hayakuokoi."

Kisha akamgeukia Bi Somoe. "Mama, wewe unalipwaje?"

Bi Somoe hata hakupepesa macho. "Mie bosi ananipa zaidi ya hayo ya daftarini. Ananipa mkononi."

Uongo mtupu! Afisa akanitazama. Ningeweza kuitikia kwa kichwa tu na mambo yakaisha.

Nashukuru nilishindwa. Nikasema, "Hapana. Sijawahi kumpa."

Afisa akaandika, akanipa muda wa kurekebisha malipo na kuandika mikataba, akaniambia atarudi. Nisipotekeleza, tutaongea kisheria.

Alipotoka nikamfuata Bi Somoe. Kwa nini umedanganya?

Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka inataka kukatika. Viwango vipya vya mishahara! Mwanawe alimtolea nakala, wakapigia mstari sekta yetu. Alikuwa anatembea nayo siku zote hizo.

"Ningekudai vipi, bosi? Mwanangu katolewa mwali kwa mchele wako. Mume wangu kapelekwa kuzikwa Msimbati kwa gari yako. Mtu kama huyo unamdaije? Hata nikiumwa naona haya kubaki nyumbani."

Aisee, nilitafuta pa kukaa. Kumbe kile nilichokiita kuipenda kazi kilikuwa ni kulipia mchele wangu. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Nikarekebisha. Haikuwa rahisi, bei dukani nimepandisha na wateja wamenuna. Mliojiajiri, msisubiri faili liwaingilie mlangoni: kajueni kiwango cha sekta yenu, wekeni mikataba, na kama mnalipa kwa kilo au kwa kipande, pigeni hesabu ya mwezi mzima. Mchele toeni, ila msiuhesabu kwenye mshahara wa mtu.

Siku ya malipo mapya Bi Somoe alipokea, akafunga pindoni, akasimama kidogo.

"Bosi, kesho siji."

Nikashtuka. "Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kulala tu."

Nikamwambia alale.

Haya, uwanja wenu. Wewe mwenye mfanyakazi ambaye hajawahi kukosa hata siku moja, ulishawahi kumuuliza kwa nini?