Kukanda Sindano

Ilikuwa Jumapili, saa moja na nusu asubuhi, huku kwetu Chawia. Nyanya alikuwa nje akilisha ng'ombe, na mimi nilikuwa jikoni peke yangu nikichemsha maji ambayo hayakuwa ya chai.

Nina kisukari tangu shule ya msingi. Mama ndiye aliyekuwa akinidunga insulini kila asubuhi, halafu anachovya kitambaa kwenye maji moto, anakamua, ananikanda pale alipodunga. Kwetu sindano yoyote hukandwa. Mtoto akitoka kuchanjwa anakandwa, mzee akidungwa anakandwa. Mama alinikanda taratibu, akiniuliza mambo ya shule ambayo simwambii mtu mwingine. Kisha akapata kazi ya nyumba Uarabuni. Sasa najidunga mwenyewe, na sindano yenyewe haiumi sana. Kinachouma ni ile dakika ya baadaye, ninaposhusha sketi na hakuna mtu.

Jumapili hiyo nilimkumbuka mama vibaya sana. Nilijidunga pajani, nikachovya kitambaa, nikajikanda. Nilifunga macho ili mkono usiwe wangu. Maji yalipopoa niliyapasha tena, nikaendelea, na uji wa kunywa baada ya sindano nikausahau kabisa.

Nilipoinuka, magoti yalikataa. Jasho lilinitoka, mikono ikatetemeka. Nyanya alinikuta nimeshikilia mlango. Akanitia sukari mdomoni kwa kijiko, akamwita jirani yetu wa chini, ambaye ni nesi.

Nesi alinipima damu, akangoja nitulie, ndipo akaona sufuria na kitambaa.

"Ulikuwa unakanda paja ama unga wa chapati?"

Nyanya alicheka. Mimi nilitazama chini. Nesi akanieleza kwamba insulini ikishadungwa inakaa kwenye mafuta chini ya ngozi, na kutoka hapo inajipenyeza polepole kwenye mishipa midogo ya damu. Ukipasha joto na kusugua, mishipa inafunguka, dawa inaingia kwa kasi, na chakula bado hakijafika. Nikakumbuka zile asubuhi nilizotetemeka mikononi mwa mama, naye akisema ni njaa tu.

"Kwani mama alikuwa anakosea?" nikauliza.

"Hakuna aliyemwambia. Lakini wewe sasa umeambiwa, mwanangu. Usikande tena."

Nilisema sawa. Nilitaka kumweleza kwamba sikukanda kwa ajili ya dawa, lakini maneno kama hayo hayanitoki mbele ya watu. Siku nzima nilishinda nikiwaza. Mama yuko mbali, hawezi hata kunipikia uji, na kile kitambaa ndicho kitu anachojua alinifanyia vizuri. Nikimwambia, atabaki na nini?

Jumatatu asubuhi nilipika uji kwanza. Nikajidunga tumboni, nikafunga vifungo vya blauzi ya shule na kunywa uji nikiwa nimesimama. Mama alipiga simu kabla sijatoka, akataka kujua kama najitunza. Nikamwambia najitunza, na kwamba maharagwe ya nyanya yametoa maua. Ya kukanda sikuyataja. Nikamwomba anisimulie jikoni kwao kulivyo, nikamsikiliza mpaka kengele ya shule ikalia kule juu, ndipo nikakimbia.