Mwalimu Ameniibia Jina la Mtoto

Wamama wenzangu, leo nimeona wivu kwelikweli.

Binti yangu Mwende, wa gredi ya kwanza, alikuwa analia kila asubuhi tukienda shule. Leo ameniachia mkono hapo kwa geti akakimbia.

Hata kwaheri hakuna!

Kuna mwalimu mpya anasimama mlangoni kusalimia watoto. Alipomwona wangu akaita, "Mwaitu! Karibu, nilikuwa nakungoja."

Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba! Mimi ndiye humuita hivyo, kwa sababu amebeba jina la mama yangu. Hilo ni jina la jikoni kwangu.

Mimi niliachia shule darasa la nne na walimu huniogopesha, lakini leo nilimfuata. "Mwalimu, hilo jina umetoa wapi?"

Akacheka. "Niliuliza kila mtoto, mtu anayekupenda sana anakuitaje? Huyu hata hakufikiria. Akasema, mama huniita Mwaitu."



Lakini wivu haukuisha. Nikamwambia, "Sawa mwalimu, muite hivyo mpaka saa tisa. Kutoka saa tisa ni Mwaitu wangu."

Semeni ukweli, nimekosea?