Mtoto Asiyeweza Kufunga

Mwanangu alizaliwa na ugonjwa wa kurithi: mwili wake hauwezi kuvumilia njaa. Akikosa chakula, sukari ya damu inashuka, naye analegea na kuanguka. Basi niliwafundisha majirani wote wa mtaa wetu wa Katoyi: mkimwona amelegea, mlisheni kwanza, maswali baadaye. Walinielewa kupita kiasi. Hakutoka nje bila kurudi mashavu yamejaa.

Kisha akahitaji kupasuliwa ngiri. Daktari wa usingizi akaniita.

"Mama, mbele ya kumulalisha, tumbo inapaswa kuwa bule, bila chakula, ili matapishi isiingie mu mapafu. Lakini huyu, njaa nayo inaweza kumuua. Atakuwa wa kwanza asubui, na tutamutia serumu ya sukari mu mushipa."

Kisu sikukiogopa. Niliogopa majirani.

Asubuhi wakafika wote, na kwetu mtu haendi hospitalini mikono mitupu. Nikasimama mlangoni pa wodi kama polisi wa barabarani, ila mimi sikupokea kitu. Jirani mmoja nilimtoa ndizi kwenye sweta. Katekista alikuwa na biskuti ndani ya koti.

"Ni zangu," akasema.

"Basi uzikule hapa."

Akazila zote, akinitazama kwa uchungu.

Mama mkwe wangu, mzaliwa wa Butembo, alileta sufuria nzima ya uji.

"Miaka yote unasema mutoto asikae njaa. Leo unamunyima?"

"Mama, chakula yake ni ile serumu."

Akaikagua chupa ya serumu inayodondosha matone, hakuridhika. Daktari alipokuja kumchukua mtoto, mama mkwe akamgeukia.

"Na weye, umekula?"

Daktari akakiri bado.

"Basi kunywa. Mutu wa njaa hatagusa mujukuu wangu."

Daktari akanywa uji amesimama, kama mtoto mwenye adabu.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa nikakaa sakafuni. Miaka yote tulijua hatari kwa kumwona akilegea. Sasa amelegezwa kwa makusudi; sukari ikishuka, nani angejua? Niliogopa sana, na nilisema hivyo kwa sauti. Mama mkwe akaketi sakafuni karibu nami.

Hatimaye daktari akatoka. Walikuwa wakimpima damu muda wote, na sukari haikushuka. Akatuingiza ndani. Mtoto akafumbua macho, akanitambua, akakunja uso.

"Mama, uko mubaya. Sikupendi tena."

Sauti ilikuwa kali, nzima, haina ulegevu wowote. Nikalia mbele ya watu wote, nikamwomba aseme tena.